Milima Niliyoijaza Ukiwa Hospitali

Eufemia mwanangu,

Nusu kubwa ya bonde lile la kwenye kompyuta sikuijenga kwa mkono. Nilikuficha ukiwa hai, na tangu tukuzike nimewaficha wengine wote, tena kwa bidii zaidi, kwa sababu wananisifu. Milima yote ya Udzungwa, kuanzia juu ya Chita hadi kule inakoelekea Kidatu, niliijaza kwa amri. Tuta la barabara ya kwenda Kivukoni nililijaza kwa amri. Majaruba ya mpunga nilinakili moja, nikalibandika mara nisizozikumbuka tena. Wewe uliamini nimeketi pale mezani naweka tofali moja baada ya jingine, ukaniita mvumilivu. Hapana, mama. Sikuwa mvumilivu.

Naanza na hilo kwa kuwa ndilo jepesi.

Naandika kwa penseli. Kalamu ya wino inanitoroka vidoleni. Nikiandika mistari mitano au sita naweka mkono mapajani, nasubiri uache kutetemeka, kisha naendelea. Daktari amemweleza mdogo wako Skola kuhusu moyo wangu, wakiwa wamesimama barandani, wakidhani sisikii. Nasikia vizuri. Masikio ndiyo kitu pekee ambacho hakijazeeka. Kwa hiyo najua sina siku nyingi, na sitaki kukufuata nikiwa na jambo hili kifuani, kama nitakukuta huko, na kama huko watu huulizana.

Unakumbuka siku uliyorudi nyumbani. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, barabara ya uani imekuwa tope, Skola akakushika mkono huu na mimi huu. Miguu yako ilikuwa imevimba, viatu umevikanyaga visigino. Ulikuwa umebeba begi moja la nguo na ile kompyuta mpakato ya kufundishia jiografia. Nikasema, "Shule si umeiacha, kompyuta ya nini?" Ukajibu, "Baba, nimeacha shule, sijaacha dunia."

Ukanionyesha mchezo ule. Mimi niliyepima barabara na mashamba ya bonde hili miaka zaidi ya thelathini, nikaona dunia imekatwakatwa vipande vya mraba kama sabuni za mche, udongo mraba, maji mraba, hata jua mraba. Nilicheka. Ukaniambia wanafunzi wako walikuwa wanajenga humo miji mizima. Ukasema wewe hutaki mji. Unataka bonde letu lilivyokuwa ulipokuwa mdogo, kabla ya daraja, pantoni ikivusha magari Kivukoni, mitumbwi ya wavuvi pembeni, na nyumba yetu ya kwanza kule mtoni ambayo mafuriko yaliichukua na mama yako akalia siku tatu kwa ajili ya cherehani.

Skola alifurahi. Alisema mchezo utakushughulisha akili. Hakujua tulichokubaliana mimi na wewe siku ya pili yake, yeye akiwa sokoni kwenye cherehani yake.

Ulikuwa umelala ubavu, unajikuna mikono, ule muwasho wa figo uliokunyima raha. Ukaniambia, "Baba, nimechoka na mashine." Nilidhani unasema kompyuta. Ukasema mashine ya hospitali, ile ya kusafisha damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kulazwa pale kwa saa nne na kurudi umekamuliwa kama nguo. Ukasema, "Nitakwenda mpaka tumalize kujenga bonde. Tofali la mwisho likikaa, siendi tena. Na wewe hutanilazimisha, na hutamwambia Skola mpaka siku hiyo." Ukaninyooshea mkono. Nikaushika. Tulipeana mkono kama watu waliouziana kiwanja.

Nilijua maana yake. Nilijua siku ile ile, na nilijua kila siku iliyofuata. Bila mashine ulikuwa na siku chache. Kwa hiyo urefu wa ile kazi ulikuwa ndio urefu wako.

Ndiyo maana ukaweka sharti. Amri za mchezo ulizijua zote, ndiwe uliyezifundisha darasani. Ukasema, "Wanafunzi wangu wanaandika mstari mmoja, mlima unaota kama uyoga. Halafu wanauangalia dakika mbili wanauacha. Sisi tofali kwa tofali, Baba. Nani anatukimbiza?" Ukagawa kazi kwa ngwe, kama bibi yako, yule ambaye jina lake ulilirithi, alivyokuwa akigawa shamba la mpunga wakati wa kupandikiza. Ngwe yako, ngwe yangu, kamba katikati. Ulipiga hesabu kwenye karatasi ukaniambia tutavuka mavuno ya mwaka ule, tutavuka na mvua nyingine, huenda na mavuno mengine.

Nataka nikuambie ilivyokuwa upande wangu, kwa sababu sikukulalamikia hata siku moja.

Ilikuwa inachosha, Eufemia. Mungu anisamehe. Unabonyeza, tofali linakaa. Unasogea, unabonyeza. Mlima mmoja mdogo nilioupima mwenyewe zamani kwa siku mbili, nikiwa na vibarua wanne na mnyororo, humo ulitaka wiki tatu za kubonyeza. Kidole changu cha shahada kilivimba. Macho yalitoka machozi. Nikikosea safu moja, ninapanda juu najikuta nimeacha shimo chini kabisa, narudi kubomoa. Nilijaribu kurahisisha kihalali. Nilianza kujenga ganda tu, milima mitupu ndani, maana ndani haionekani. Ukagundua. Ulichimba pembeni ukachungulia. "Baba, mlima wako una njaa." Tukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukaniambia kwa upole niujaze.

Jirani yetu Masanja, yule Msukuma wa maziwa, alikuwa akija asubuhi na kidumu chake anasimama dirishani kutazama. Siku moja akasema, "Shikamoo Bwana Mpima. Naona bonde linajengeka, ila ng'ombe siwaoni. Mmeanza kutuhamisha hata humo?" Ukamjibu kutoka kitandani, "Marahaba nakupokelea Baba. Masanja, njia ya ng'ombe nitakupa. Lakini wakiingia kwenye mpunga wangu, utalala ndani wewe na mafahali wako." Akasema, "Dada, mpunga wenyewe wa mraba huo, hata ng'ombe wangu hawautaki." Siku hiyo ulikula ugali wote. Njia ya ng'ombe uliijenga mwenyewe, siku nne, hukuniruhusu kuigusa.

Hayo yalikuwa mazuri. Lakini nje ya hayo kulikuwa na mengine. Kulikuwa na kukupimia maji kwa kikombe, kikombe kimoja na nusu kwa siku, na wewe unanitazama kwa macho yale huku joto la Ifakara linatoa watu jasho hata kivulini. Nilikuwa nakunywa maji yangu chooni ili usinione. Kulikuwa na kukugeuza, na kukusugua mgongo kwa kitambaa, na kusikia unavyopumua. Skola alifanya yake yote, simlaumu, ila alikuwa na watoto na kazi. Mama yako hayupo. Nilikuwa mimi.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Skola alifunga kibanda akakupeleka hospitali kwa bajaji. Mimi nilisema mgongo hauniruhusu kuketi kwenye mabenchi yale. Mgongo uliniruhusu. Nilibaki ili niwe peke yangu kwa saa tano. Mwanzoni nililala tu. Kisha, Jumatano moja, nilifungua simu nikatafuta jinsi watu wanavyojenga vitu vikubwa humo bila kuchoka.

Mwanangu, nilipoisoma ile amri ya kujaza nilijisikia kijana. Inataka nini? Namba tatu za pembe moja, namba tatu za pembe ya mkabala, na jina la tofali. Mashariki, kimo, kusini. Hiyo ni kazi yangu! Hiyo ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote, kuandika namba za vigingi. Nilitoa daftari langu la upimaji kwenye sanduku, lile lenye jalada la kitambaa, nikaandika pembe za mlima wa kwanza. Nikaandika amri. Nikabonyeza.

Mlima ukawepo.

Sikuamini. Nilikaa natazama kama mjinga. Wiki tatu za kubonyeza zimekwisha na chai yangu bado ina moto. Mchezo ulikuwa na kikomo chake, ukiomba sanduku kubwa mno unakataa, basi nikajifunza kuukata mlima vipande, kama mkate, nikaujaza kipande kwa kipande, kila kipande kidogo kuliko cha chini yake. Halafu nikapanda juu kwa mkono nikachongachonga ngazi zile ili usionekane kama kabati. Uliporudi saa tisa, uso umepauka, nikakuonyesha. Ukasema, "Baba! Leo umefanya kazi." Nikasema, "Nilianza mapema."

Ndivyo ilivyoanza. Baada ya hapo nilikuwa nakaa siku nzima za katikati nikijifanya nabonyeza mbele yako, pole pole, na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa najaza.

Majaruba karibu yanifichue. Ulikuwa umeshajenga jaruba moja la mfano pale karibu na nyumba yetu ya mtoni, na kona moja uliiacha wazi, mlango wa maji, kama wakulima wanavyokata. Nikalinakili hilo, nikalibandika kutoka mtoni hadi reli. Asubuhi moja tu. Jioni ulipoinuka ukatazama, ukatazama sana. "Baba, mbona majaruba yako yote yamekatwa kona ile ile? Maji yatatoka vipi? Yanaingia kwa jirani, jirani anaingiza kwa jirani, wa mwisho anazama." Nikasema mkono wangu umezoea hivyo. Ukasema, "Mkono wa mtu haurudii hivyo. Umetoa kiwandani?" Ukacheka, lakini ulikuwa umenikazia macho.

Wiki ile nzima nilikuwa naharibu. Nilikwenda jaruba kwa jaruba nahamisha mlango wa maji, napindisha tuta hapa, nabomoa pale, ili lifanane na kazi ya mtu. Kuharibu kulinichosha kuliko ambavyo kujenga kungenichosha. Niliwaza hivyo hata wakati ule. Ningeweza kuacha. Sikuacha.

Kisha ngwe zangu zikaisha.

Unajua desturi ya shambani. Anayemaliza ngwe yake hatoki akakaa kivulini kuwatazama wenzake. Anavuka kamba, anaingia ngwe ya aliyechelewa, anampokea. Hakuna anayekasirika. Ni heshima. Bibi yako alipozeeka, watu walikuwa wanampokea kabla hata hajainama mara tatu, naye anawabariki. Hapo ndipo nilipokuibia hasa. Nilikuambia, "Mama, zangu nimemaliza, acha nikupokee." Na wewe, mtoto uliyelelewa vizuri, ungesema nini? Ulisema, "Asante Baba. Nipokee." Ulitoa macho kwenye kioo ukatazama dari. Niliona. Nikavuka kamba. Nikaandika pembe za ngwe yako, na Ijumaa ile, ukiwa umelala kwenye mashine, nikajaza siku arobaini zako.

Nasema siku arobaini kwa kuwa ndiyo hesabu uliyokuwa umeiandika wewe mwenyewe pembeni ya karatasi.

Tulimaliza bonde, mpunga ukiwa bado kijani mashambani. Hata haujachanua. Nilikuachia pantoni uiweke mwenyewe. Uliweka mbao za mwisho ukiwa umeegemea mito mitatu, na kidole chako kilikuwa kinateleza. Ukasema, "Basi." Ukatembea ndani ya mchezo, ukavuka mto, ukapanda tuta, ukaenda mpaka kwenye nyumba ya mtoni, ukaingia, ukasimama kwenye chumba kile kidogo. Kisha ukasema, "Tumemaliza mapema, Baba. Mapema kuliko nilivyohesabu." Hukunitazama. Nilisubiri uniulize. Ungeniuliza ningekuambia, naapa ningekuambia. Hukuuliza.

Jumatatu bajaji ilikuja, ukakataa kuinuka. Skola alilia, akakusihi, akanigeukia mimi. "Baba, sema neno!" Nikasema, "Ni uamuzi wake. Ni mtu mzima." Nilisema kwa sauti ya baba mwenye hekima. Uliishi siku kumi na moja.

Tangu hapo mambo mengi yamebadilika, mengine ungependa kuyajua. Masanja amehama. Alikuja kuaga akiwa amevaa koti, akasema anafuata malisho. Aliuliza kama njia yake ya ng'ombe bado ipo ndani ya kompyuta. Nikamwonyesha. Aliifuata kwa kidole hadi mwisho. Mwanafunzi wako mmoja wa kidato cha tano alikuja kuchukua nakala ya bonde, na sasa nasikia shule nzima inatembea humo, wanajifunza mafuriko. Chumba chako Skola amekiweka vitambaa. Mto mmoja wako nalalia mimi. Nimekonda. Sasa Skola ndiye anayenigeuza mimi, na ananipimia dawa kwa kijiko, na akidhani nimelala anapumua kwa nguvu, mara moja, kisha anatoka nje. Najua pumzi hiyo. Naijua vizuri sana.

Kwenye msiba wako alisimama akawaambia watu wote, "Baba yetu huyu, na macho yake yale na mikono yake ile, alijenga bonde zima ili dada aione kazi yake imekwisha kabla hajafumba macho." Wanawake wakalia. Wazee wakanishika mabega. Mwenyekiti wa mtaa akasema baba wa namna hii ni wachache. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Na tangu hapo kila anayekuja kunisalimia analeta habari hiyo, ananirudishia kama sahani.

Nilijaribu kuitua. Mwezi uliopita padri alikuja kunikomunisha, nikaomba kuungama. Nikamwambia nilimdanganya binti yangu mgonjwa, nilitumia amri kwenye mchezo wa kompyuta wakati nimeahidi kujenga kwa mkono. Ni padri kijana. Alitabasamu. "Mzee wangu," akasema, "hiyo tuiite upendo. Kasali Salamu Maria tatu." Nikasali. Hazikufika popote, maana nilikuwa nimempa ganda. Sikumwambia kuhusu kupeana mkono kwetu. Sikumwambia kilichokuwa ndani.

Nimejipa sababu nyingi, mama. Nimejiambia ni mikono, ilikuwa inatetemeka. Ni kweli, ilitetemeka. Nimejiambia ni macho. Nimejiambia niliogopa utaondoka kazi haijaisha, na Skola ameniandalia sababu hiyo safi kabisa, imepigwa pasi, ningeweza kuzikwa nayo. Nimejiambia nilikuhurumia mashine. Hiyo nayo ina ukweli kidogo. Lakini uliniomba uchoshi. Uliuomba kwa makusudi, tofali kwa tofali, kwa sababu kila tofali lilikuwa ni asubuhi nyingine, na Masanja dirishani, na kikombe kimoja na nusu cha maji. Ulikuwa umechoka na mashine. Hukuwa umechoka kuishi. Nilijua tofauti hiyo. Nilikuwa mpima, kazi yangu ilikuwa kujua mpaka uko wapi.

Sasa nikuage, maana penseli imekuwa butu na Skola anarudi saa kumi. Lala, Eufemia, jina la mama yangu. Msalimie mama yako, mwambie cherehani yake uliiweka kwenye chumba kile cha nyumba ya mtoni, niliiona. Ninakuahidi jambo moja, na hili nitalifanya bila mkato. Barua hii sitaificha kwenye sanduku. Nitampa Skola mkononi mwake leo hii, nitakaa nimtazame akiisoma yote mpaka mwisho, na atakavyoamua kunitendea baada ya hapo ni haki yake.

Na mwisho wenyewe ni huu. Nilijaza milima ile kwa sababu nilikuwa nimechoka kukuuguza, na nilitaka ufe.

Baba yako.